Piesi ya bunduki na dhamiri ya fundi



Mara hii tunawaletea neno ambalo hatukulitafuta katika vitabu. Limetoka katika atelye ndogo ya kufua vyuma karibu na soko, ambamo ndugu mmoja wa kusanyiko letu anafanya kazi tangu ujana wake. Jina lake hatulitaji, maana haya si mashtaka. Yeye mwenyewe alikuja mbele ya wazee, akaketi, akasema: "Baba zangu, kuna kazi moja niliyoifanya, na tangu siku hiyo silali vizuri. Niambieni kama nimekosa."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Jioni moja, wakati wa kufunga, mtu asiyemjua aliingia, akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha chuma kilichovunjika, kifupi kuliko kidole. Yule mtu akasema: "Nitengenezee kingine kama hiki. Nimekitafuta hapa, nimekitafuta mjini, hakipatikani." Ndugu yetu alikitazama, akajua. Hakikuwa cha kinga, hakikuwa cha mashine ya kushona, wala cha kinu cha unga. Kilikuwa piesi ya bunduki. Yule mtu akaweka mezani pesa ambazo fundi wetu hazipati hata kwa mwezi mzima. Nyumbani mtoto alikuwa na homa, na kwenye kituo cha afya walikuwa wanangoja malipo. Ndugu yetu akawasha moto tena, akafua. Kesho yake asubuhi mgeni akachukua piesi yake, akaenda zake. Mpaka leo hajaonekana.

Siku ya Mungu iliyofuata, ndugu yetu alitenga fungu la kumi la pesa zile, akalitia kikapuni pamoja na matoleo yetu. Basi neno hili halikubaki kwenye atelye. Liliingia nyumbani mwa Mungu, na sisi tulioimba siku ile tuliimba mbele ya kikapu hicho. Kwa hiyo tunapouliza kama fundi ana hatia, tunajiuliza sisi pia.

"Mimi nilifua chuma tu"

Mzee mmoja alianza kwa kumtetea. Alisema: "Muhunzi anafua kisu. Mama anakatia mboga, mlevi anamchomea jirani. Je, tumkamate muhunzi? Kila mtu atabeba mzigo wake mwenyewe. Aliyefyatua ndiye aliyeua."

Neno hilo lina nguvu, na hatutaki kulipita mbio. Kama kila mtu atahukumiwa kwa yote yanayofanywa na wengine kwa kazi ya mikono yake, basi hakuna atakayelala. Mwenye pikipiki alimbeba mgeni yule. Mama wa sokoni alimuuzia chakula. Hata mkulima aliyepanda muhogo alioula atakuwa na sehemu. Mungu hakutuwekea nira ya namna hiyo.

Lakini tutazame vizuri. Kisu kina kazi nyingi, na katika siku elfu kinafanya mema. Muhogo unamshibisha mtu, halafu mtu aliyeshiba anachagua mwenyewe njia yake. Piesi ile ina kazi moja tu: kuifufua bunduki iliyokufa. Kabla ya jioni ile, bunduki hiyo ilikuwa fimbo nzito. Ilikuwa na mtutu, ilikuwa na kitako, pengine masasi yalikuwapo, lakini haikuweza kumwua hata njiwa. Baada ya asubuhi ile iliweza. Kati ya jioni na asubuhi kuna mikono ya mtu mmoja. Hatuwezi kusema kwamba mikono hiyo haikufanya kitu.

Wenye serikali nao wanalijua jambo hili. Tarehe 30 Aprili 2010, nchi za Afrika ya Kati zilikubaliana hapa kwetu Kinshasa mapatano juu ya silaha ndogo, na mapatano hayo yana nguvu ya sheria tangu mwezi wa Machi 2017. Katika jina lake lenyewe hayataji bunduki na masasi tu. Yanataja pia piesi zote zinazoweza kutumika kuzitengeneza, kuzirekebisha na kuziunganisha. Waliokaa mezani walijua kwamba bunduki ni chuma, na chuma huchoka. Bunduki inaishi miaka mingi kuliko mwenyewe juu ya sababu moja: kila inapovunjika, anapatikana mtu wa kuipa kile inachokosa.

Piesi isiyo na mwenyewe

Zamani fundi alikuwa na faraja moja ambayo wa leo hana. Kila bunduki ilitengenezwa peke yake, kwa tupa na kwa jicho, na piesi ya hii haikuingia katika ile. Aliyetaka kurekebisha bunduki ilimpasa ailete yote, aiweke mezani, na fundi aliijua kwa sura kama anavyojua mbuzi wa jirani. Alijua ni ya nani, alijua inakwenda wapi.

Katika karne ya 18, Mfaransa mmoja, Honoré Blanc, alifanya kazi nyingine. Alitengeneza piesi za bunduki zilizofanana kabisa. Mwaka 1785, Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani huko Ufaransa, alipewa piesi hizo zimechanganywa, akaziokota ovyo, akaziunganisha kwa mikono yake mwenyewe, nazo zikakubaliana. Alifurahi, akaandika habari hiyo kwao. Tangu hapo njia hiyo ilienea katika viwanda vyote, na leo ndiyo inayotupa hata minyororo ya kinga na vyuma vya gari. Ni akili, na akili ni zawadi.

Lakini angalieni kilichopotea. Piesi inayoingia katika bunduki yoyote haina mwenyewe. Anayeitengeneza hawezi tena kusema, "Naijua bunduki hii." Leo itaingia katika ya mlinzi, kesho itatolewa na kutiwa katika ya mnyang'anyi, na haitalalamika. Ndiyo maana mgeni wetu hakuleta bunduki. Alileta kitambaa. Bunduki ilibaki porini, na pamoja nayo yalibaki majina yote: jina la mwenye kuibeba, na jina la yule ambaye mdomo wake utaelekezwa kwake.

Ng'ombe mwenye kupiga pembe

Je, kutojua kunaondoa hatia? Torati ya Musa ina neno zuri juu ya hili (Kutoka 21:28-29). Ng'ombe akimpiga mtu pembe na kumwua, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe yule alizoea kupiga tangu zamani, na mwenyewe alionywa, asimfunge, basi damu iko juu yake. Hakupiga pembe yeye. Aliacha mlango wazi, na alijua.

Tumpime ndugu yetu kwa kipimo hicho. Kama kijana wa atelye angepewa kipande asichokijua, akakifua kwa moyo mweupe, tungemwambia: nenda kwa amani, ila mara nyingine uulize. Ndugu yetu aliijua kazi ya kile chuma. Alijua pia mambo ambayo kila mtu wa mashariki mwa nchi hii anayajua tangu 1996: vijiji vilivyokimbiwa, mashamba ambayo mama hawathubutu kuyafikia, barabara zenye barieri. Ng'ombe huyu tumeonywa juu yake kwa miaka mingi. Mtu wa kwetu hawezi kusema kwamba hajui bunduki isiyo na jina inafanya nini usiku.

Tena tunamkumbuka Sauli kabla hajaitwa Paulo. Siku ile Stefano alipopigwa mawe, yeye hakuokota jiwe. Alilinda nguo za waliopiga (Matendo 7:58). Kulinda nguo si kuua. Lakini miaka baadaye, akiwa mtume, bado aliungama jambo lile mbele ya watu (Matendo 22:20). Hakusema, "Mimi nilitazama nguo tu." Dhamiri iliyoamka haihesabu mawe peke yake.

Basi, je, kila piesi ni dhambi? Hapana. Kuna mzee mwindaji, tunamjua yeye na tulimjua baba yake. Anakuja mchana, bunduki yake ya baruti mkononi, imeandikwa kwa wakubwa, maana nchi yetu ina sheria juu ya silaha na masasi tangu 1985. Nguruwe wa pori wanamaliza mihogo ya kijiji kizima. Mtu akimsaidia huyo kwa ruhusa na mbele ya macho ya watu, hatuoni namna ya kumhukumu. Tofauti haiko katika chuma. Iko katika jina na katika mwanga. Kazi ambayo fundi anaweza kuisimulia kusanyikoni, akisema ni ya nani na ni ya nini, hiyo dhamiri inaweza kuibeba. Kazi inayokuja katika kitambaa, jioni, kwa bei isiyo ya kawaida, imekwisha kujisema yenyewe. Sababu gani bei ile ilikuwa kubwa hivyo? Chuma kilikuwa kidogo, na mkaa ulikuwa kidogo. Sehemu kubwa ya pesa zile ilikuwa malipo ya kutouliza.

Mzee wa Urusi

Kuna mtu mmoja wa Urusi ambaye jina lake hata watoto wetu wanalijua, maana limekuwa jina la bunduki: Mikhail Kalashnikov. Alizaliwa mwaka 1919 katika nyumba ya wakulima. Bunduki yake ya 1947 ilitengenezwa katika nchi nyingi kwa makumi ya milioni. Kwa miaka mingi alisema kwamba analala vizuri, na kwamba wenye hatia ni wanasiasa. Lakini siku moja alisema pia kwamba angependa zaidi kuwa alivumbua mashine ya kusaidia wakulima, kama ile ya kukata majani. Na katika uzee wake alimwandikia mkuu wa kanisa lake, Patriaki Kirill, barua ya mtu mwenye maumivu. Aliuliza: kama bunduki yake iliondoa uhai wa watu, je, yeye, mwana wa wakulima na mwamini, ana hatia ya vifo vyao, hata kama walikuwa adui? Alikufa mwezi wa Desemba 2013, na barua hiyo ikachapishwa Januari 2014. Kanisa lake lilijibu kwamba silaha inapotumika kulinda nchi, kanisa linawaunga mkono walioitengeneza na askari wanaoitumia.

Sisi hatumhukumu mzee yule, wala wale waliomjibu. Tunaona jambo moja. Mtu aliyepewa nishani zote za nchi yake, aliyesifiwa kila mahali, mwishoni aliuliza swali lile lile la ndugu yetu wa atelye. Mmoja alitengeneza bunduki yote, mwingine kipande kifupi kuliko kidole, na usiku wote wawili walikosa usingizi. Swali lenyewe ni neema. Ole wake fundi ambaye haliulizi kamwe.

"Na wanaotulinda?"

Kijana mmoja alisimama, akasema kwa uchungu: "Nyinyi wazee mnasema hivi, lakini wanyang'anyi wakija usiku, ni nani anayetulinda? Pengine piesi ile ilikuwa ya vijana wetu. Pengine imeokoa watu." Kijana huyo alipoteza kaka yake njiani akitoka shambani. Hatutamjibu kwa mistari ya haraka.

Tunakubali kwamba mtu ana haki ya kutamani ulinzi, na kwamba kulinda watu ni kazi ya serikali, nayo itaulizwa na Mungu kwa kuiacha. Lakini tumeona kwa macho yetu bunduki ile ile ikilinda mashamba wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua ikisimama kwenye barieri ikidai pesa kwa mama waliobeba mihogo. Haikubadilika chuma. Ilibadilika njaa ya mwenyewe, au ilibadilisha mikono. "Pengine imeokoa" na "pengine imeua" yana uzito mmoja kwa mtu asiyeuliza jina. Asiyejua hawezi kuchagua lile linalompendeza na kuliita kweli.

Tena katika nchi hii tunayo kumbukumbu nyingine. Mwaka 1921, askari wenye bunduki walitumwa Nkamba kumkamata Simon Kimbangu. Watu waliomfuata walikuwa wengi sana. Hakuwaambia watafute silaha. Mwezi wa Septemba alijitoa mwenyewe, akahukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, na alikufa gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30. Waliokuwa na bunduki walidhani wamemaliza. Hatusemi kwamba njia hiyo ni rahisi, wala hatumwagizi mama mwenye watoto asikimbie. Tunasema tu kwamba aliyefungwa hakuhitaji piesi yoyote ili neno lake liendelee.

Majembe ya dukani

Baada ya maneno hayo yote, mzee aliyekuwa kimya alimuuliza fundi: "Mwanangu, kabla ya mgeni yule, kazi yako ya mwisho ilikuwa lini?" Akajibu: "Wiki tatu." Mzee akatugeukia: "Nani kati yetu ana jembe lililofuliwa na huyu?" Hakuna aliyeinua mkono. Majembe yetu yote tunayanunua dukani, yanayotoka mbali, kwa sababu yana rangi. Bawaba za mlango wa kanisa tulizinunua mjini. Tulimwacha ndugu yetu na moto wake bila kazi, na mtu mwenye kitambaa akaja kumpa.

Hapo tulifungua 1 Samweli 13:19-22. Wafilisti waliondoa wahunzi wote katika Israeli, wasije wakafua panga na mikuki. Ikawa kila Mwisraeli aliyetaka kunoa jembe au shoka ilimpasa ashuke kwa Wafilisti na kulipa. Watu bila muhunzi ni watu waliofungwa. Sisi hatukuondolewa muhunzi na adui. Tulimwacha sisi wenyewe afe njaa, halafu tukakasirika alipokula mkononi mwa mwingine. Hatia yake hatuiondoi. Yeye alijua, na aliweza kuja kwetu juu ya mtoto wake kabla ya kufua. Lakini alituambia kwamba aliona haya, na haya hiyo ni sisi tuliompa.

Zikabaki pesa za kikapuni. Makuhani waliompa Yuda vile vipande 30 vya fedha walikataa baadaye kuvitia katika hazina, wakisema ni bei ya damu (Mathayo 27:6). Walisema kweli juu ya fedha, lakini walikuwa wao wenyewe walioilipa, na Yuda walimwambia ajionee mwenyewe. Tukaogopa kufanana nao, kuikataa pesa na kumwacha mtu. Kwa hiyo tuliitoa kikapuni, na pamoja na ndugu yetu tukaipeleka kwenye kituo cha afya, kwa dawa za mama mmoja aliyepigwa sasi mguuni njiani, na hakuna ajuaye ni nani aliyefyatua. Hatusemi kwamba jambo hilo limemtakasa mtu. Ndugu yetu aliketi karibu na kitanda chake kwa muda mrefu. Waliyosemezana hatukuuliza.

Huko Msumbiji, baada ya vita vyao kumalizika mwaka 1992, Baraza la Kikristo lilianza mwaka 1995 kazi ya kugeuza silaha kuwa majembe, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane. Mtu alileta bunduki, akapewa jembe, mashine ya kushona au kinga. Bunduki zilikatwakatwa, na wachongaji wakatengeneza viti kwa vipande vyake. Isaya aliona mambo hayo mbele (Isaya 2:4). Nasi tufikiri kidogo: mtu aliyepewa kinga naye atatafuta piesi. Mnyororo utakatika, pedali itavunjika. Ataingia kwa fundi mchana, ataweka kinga mlangoni, watajuana kwa jina. Tunaomba nchi ambayo watu wanahangaika kutafuta piesi za namna hiyo.

Tumekubaliana hivi. Majembe ya shamba la kanisa yatafuliwa kwa ndugu yetu. Kila nyumba inayoweza itampelekea kazi moja kabla ya mavuno. Fundi yeyote wa kusanyiko atakayeletewa kazi katika kitambaa aje kwa wazee usiku ule ule, si baada ya kufua, na asione haya kusema mtoto ni mgonjwa. Tunawaomba makusanyiko mengine mfanye vile vile kwa mafundi wenu.

Bado haijatosha. Kuna wiki ambazo atelye ina mkaa na haina kazi. Na mtu mwenye kitambaa anaijua njia. Chuma huvunjika, naye atarudi, hapa au kwa fundi wa kwenu. Siku hiyo, je, fundi atakuwa peke yake mbele ya meza?

Bwana aibariki mikono ya wote wafanyao kazi, na awape usingizi. Amina.